Mvua ya Kiganjani

Saluni ya Kitana ilikuwa na milango miwili, na kila mlango uliingiza wendawazimu wake. Wa mbele uliingiza wanawake wenye vichwa vya kusukwa na midomo isiyo na breki. Wa nyuma, ule wa uani, uliingiza wanaume wazima waliobeba kompyuta za zamani kama wanavyobebwa watoto wachanga: kwa mikono miwili, zimefunikwa taulo.

Zilikuwa zile kompyuta za nyumbani za enzi hizo, ambazo ukizitazama unadhani ni kibodi tu iliyonenepa. Kila kitu kimo humo humo chini ya vibonye. Unaichomeka kwenye televisheni, na programu unaisomesha kutoka kwenye kanda ya kaseti, kaseti ile ile ya kawaida ya muziki. Plastiki yake ilizaliwa na rangi ya maziwa, lakini miaka ikaigeuza njano kama meno ya mvuta sigara.

Unjano huo ndio ulioleta ujirani. Siku moja fundi wa kutengeneza vyombo vya umeme, ambaye mtaa mzima ulimwita Risasi kwa sababu harufu ya risasi ya kuchomelea haikumtoka shatini hata lifuliwe vipi, aliingia mlango wa mbele akaomba dawa ya kung'arisha nywele. Chupa nzima.

"Kaka, nywele zenyewe ziko wapi?" akauliza Redio Mbao kutoka chini ya mashine ya kukaushia. Huyu alikuwa na duka la vitambaa jirani, na hakupewa jina hilo kwa kuuza mbao.

Risasi akapapasa upara wake. "Si kwa ajili yangu, dada. Ni ya kompyuta."

Saluni ikaangua kicheko mpaka mteja mmoja akachomwa sikio na chanuo. Kitana mwenye saluni peke yake hakucheka. Alimuuliza Risasi inavyofanywa, naye akaeleza: unaipaka plastiki dawa, unaizungushia nailoni, unaianika juani, na jua na dawa vinasaidiana kuula ule unjano. Kitana alikuwa ameng'arisha vichwa vya watu tangu ujana wake, akaona maneno yana mantiki.

"Akili ni nywele," akasema, "kila mtu ana zake. Njoo uanike uani kwangu. Jua lipo la kumwaga."

Wakaja. Kwanza Risasi peke yake, halafu wenzake wenye ugonjwa huo huo, kila Jumamosi, na chumba cha nyuma kikajaa waya, kanda, na televisheni zenye makalio makubwa. Wengine waliongeza kumbukumbu, wengine waliunganisha mashine mbili zisemezane, wengine walikuja kunywa chai ya Kitana tu. Mkubwa wa mabishano alikuwa Bwana Thamani. Kazini alikadiria magari yaliyogongwa, kwa ajili ya kampuni ya bima, na kazi hiyo ilimfuata mpaka kwenye starehe. Hakuna kitu alichokitazama bila kutafuta kilipobonyea. Neno lake lilikuwa moja: asili.

"Je, ni asili?" angeuliza kabla hata ya salamu. "Ilivyotoka kiwandani ndivyo ilivyo? Mtu akitia mkono wake humo, thamani inatoka kwa mlango mwingine."

Wanawake wa mbele nao walikuwa na ukadiriaji wao. Kitana alikuwa ameachika zamani na hakulia sana. Risasi alikuwa mgane asiyejua kupika. Hesabu hiyo haikuhitaji kikokotozi. "Shemeji amefika," Redio Mbao angetangaza kila Jumamosi mlango wa nyuma ukigongwa, na Kitana angemvuta nywele zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika, ili anyamaze. Hakunyamaza.

Basi katika nyumba yenye kelele kiasi hicho, Kitana alikuwa na kimya kimoja kilichomtoboa masikio. Kimya cha mama yake.

Mama hakusikia. Ugonjwa ulimfunga masikio akiwa mdogo, lakini usije ukadhani alikuwa mtu wa kimya. Alisema kwa mikono, na mikono yake ilikuwa na umbeya kumzidi Redio Mbao. Kila mtu alimpa alama yake. Redio Mbao alikuwa mdomo wa bata, vidole vikifunga na kufungua. Mume wake, yaani baba yake Kitana, alikuwa vidole viwili vikigonga hewa, tap tap, kwa sababu ndivyo alivyochapa kwenye kompyuta yake. Baba alikuwa mtu wa kufungua kila kilichofungwa. Alifungua saa, akafungua pasi, akafungua hata gari la kuchezea la Kitana, jekundu la betri, ambalo lilirudi na magurudumu yote lakini halikutembea tena. "Limechoka, mwanangu," alisema, na mtoto akalia mpaka akalala.

Baba alifariki. Kitana akamhamishia mama kwake, chumba cha pembeni karibu na saluni, akidhani watu na shamrashamra vitamchangamsha. Lakini tangu mazishi mikono ya mama ilikaa pajani kama glavu zilizosahauliwa na mwenyewe. Ukimuuliza kitu, anajibu kwa kichwa: ndiyo, hapana. Anakula, anaoga, anatabasamu kwa adabu kama mgeni. Neno, hakuna.

Kati ya mizigo ya mama ilikuja na kompyuta ya baba, imefungwa ndani ya koti lake, njano karibu yote, na kanda moja yenye maandishi ya mkono wake: MVUA. Ilipochomekwa haikuwaka. Kitana aliikumbuka vizuri. Kila jioni baba aliwasha, na mama akakaa pembeni, mkono juu ya mashine, akitazama vitone vikidondoka kutoka juu ya kioo mpaka chini. Mchezo usio na mshindi wala mshindwa. Mashine ilipata joto, na Kitana mdogo alijua kabisa kwamba mama anaota joto kiganjani, kama paka juu ya mwili wa mtu.

Jumamosi hiyo aliibeba mwenyewe mpaka chumba cha nyuma, akaiweka mbele ya Risasi.

"Iwashe," akasema. "Sitaki kuiuza, Bwana Thamani, kwa hiyo shusha hayo macho. Nataka mama aione ikiwaka kama ilivyokuwa. Nataka aseme neno. Hata akinitukana, nitashukuru."

Risasi alikuwa tayari ameshika bisibisi.

Bwana Thamani akaipiga picha kwanza, juu, chini na ubavuni, kwa maana kwake hakuna "baada" bila "kabla". Halafu ikafunguliwa. Kitana alirudi mbele kusuka, lakini pazia halina kufuli, na masikio yake yalibaki nyuma.

"Kapasita zimevimba," sauti ya Risasi. "Na hiki kipande cha kushusha umeme kimechakaa. Nitaweka cha kisasa, hakichemki."

"Na hicho kidude cha kushoto?" sauti ya Bwana Thamani.

Bisibisi ikagonga plastiki. "Mota. Imebandikwa chini ya mfuniko. Nadhani ni feni."

"Feni isiyo na panga?"

"Zitakuwa zimevunjika. Limebaki tone la risasi kwenye ncha. Lakini tazama alivyochomelea huyu mzee. Hakuwa mtu wa ovyo."

"Uzuri wa kidonda si uzuri wa ngozi. Kiwanda hakikuweka mota hapo. Toa, irudi asili."

"Sijui..." akasema Risasi.

Kitana, mkono mmoja ukiwa ndani ya nywele za mtu, akapaza sauti juu ya pazia: "Toeni, toeni! Feni mbovu itakuja kuwasha moto, mama yangu aungue bure!"

Ikatolewa. Risasi alikuwa mtu asiyetupa hata skrubu yenye kutu, akaitumbukiza mota kwenye kopo lake la mabaki, akasafisha bodi mpaka pasibaki alama. Mfuniko ukapakwa dawa, ukaanikwa uani katikati ya taulo za saluni. Ulipofunuliwa, plastiki ilikuwa nyeupe kama yai lililomenywa.

Siku ya kuiwasha, nani angebaki nyumbani? Redio Mbao alikuwa ametangaza. Wateja walikuja na vichwa nusu vimesukwa, wengine na mafuta bado yanachuruzika. Mama akaletwa, akakalishwa kwenye kiti kizuri. Risasi akabonyeza kinasa sauti, na kanda ikaanza kulia ule ukelele wake mwembamba wa kukwaruza.

"Mtume! Mnachinja paka?" akapiga kelele mmoja.

"Ndiyo programu inaingia," akasema Risasi. "Hayo unayoyasikia ndiyo maandishi yenyewe."

Ukelele ukakata. Kioo kikawa cheusi, kikatulia, na tone moja jeupe likadondoka kutoka juu. *Tik.* La pili. *Tik.* Halafu mengi, kila moja likigusa chini kwa mlio wake, mpaka televisheni ikawa inanyeshewa. Watu wakapiga makofi. Bwana Thamani akafuta miwani.

Mama aliinuka kidogo kwenye kiti. Akanyoosha mkono wake wa kulia, akaweka kiganja juu ya mashine, upande wa kushoto, bila kutafuta mahali. Akangoja. Akakiinua kiganja, akakitazama kama mtu anayetazama saa iliyosimama. Akakirudisha. Akangoja tena.

Halafu akakiondoa polepole, akakifuta kwenye gauni, akaenda chumbani kwake na kufunga mlango. Haukubamizwa. Ungebamizwa, ingekuwa nafuu.

Makofi yalikufa moja moja. Redio Mbao, kwa mara ya kwanza mtaani, akakosa matangazo.

Kitana hakulala vizuri, lakini alfajiri alikuwa na jibu. Joto! Risasi si alisema ameweka kipande kisichochemka? Mama amezoea mashine ya moto, wao wamemletea maiti. Basi kabla ya kufungua saluni aliiwasha, akachukua draya ya mkono, akaipulizia mashine hewa ya moto mpaka plastiki ikawa kama shavu la mtoto mwenye homa. Akamshika mama mkono, akauweka pale pale kushoto, huku vitone vikidondoka.

Mama akamtazama binti yake, akatazama draya, akaelewa. Akampapasa shavu, kwa huruma ile anayopewa mtoto aliyekuletea ganda la peremende akidhani ni peremende. Kisha akarudi chumbani.

Kitana alikaa chini sakafuni, katikati ya nywele za jana ambazo hazikufagiliwa. Ndivyo Risasi alivyomkuta. Haikuwa Jumamosi, na alikuwa ameingia kwa mlango wa mbele.

"Shemeji..." alianza, akajiuma ulimi. "Samahani. Hao wanawake wako wameniharibu mdomo."

Kitana alicheka bila kutaka, akafuta pua. Akamweleza habari ya draya. Risasi akachutama, akatoa simu.

"Nilimwomba Thamani zile picha za kabla. Sikuweza kutulia. Tazama." Akaikuza picha kwa vidole viwili. Mfuniko wote ulikuwa wa njano, isipokuwa upande wa kushoto palipokuwa na doa jeupe lenye mng'ao, pana chini, na juu limegawanyika. "Tulidhani ni alama ya kikombe."

Kitana akaivuta simu karibu. "Hicho si kikombe. Ni kiganja."

"Kiganja kilichosugua hapo kila jioni, miaka mingi, mpaka kikaumaliza unjano. Nasi tumekifuta." Risasi akasogeza kidole upande wa pili wa picha. "Sasa sikiliza. Kile kipande kinachochemka kilikuwa kulia. Mtu anayeota joto angeweka mkono kulia. Mama yako aliweka kushoto. Na chini ya mahali hapo hapo kulikuwa na..."

Akatoa lile kopo la mabaki mfukoni mwa koti, akalimwaga juu ya meza ya kucha. Skrubu, springi, balbu, na ile mota ndogo, yenye tone la risasi upande mmoja wa ncha yake. Akagusisha nyaya zake kwenye betri ya tochi.

Mota haikuzunguka kistaarabu kama feni. Ilitetemeka. Iliruka juu ya meza kama mbawakawa aliyegeuzwa chali, ikagonga chupa ya rangi ya kucha, ikaanguka pajani mwa Kitana, na Kitana akaishika. Akauhisi mtetemo mpaka kiwikoni.

"Haikuvunjika panga," akasema Risasi polepole. "Haikuwahi kuwa nazo. Lile tone aliliweka makusudi, upande mmoja, ili iyumbe. Kila mashine inapolia, mota inatingisha mfuniko."

Lakini Kitana hakuwa anasikiliza tena. Aliigeuza mota kwenye mwanga wa dirisha. Ubavuni ilikuwa na rangi nyekundu iliyobabuka, nyekundu anayoijua.

"Gari langu," akasema. "Risasi, hii ni ya gari langu!"

Ikamrudia yote. Alikuwa mdogo, mvua imepiga bati mchana kutwa, na mama akamuuliza kwa mikono: ikoje? Watu wote wanatazama juu, inasema nini huko? Kitana akajitahidi. Kama njugu zinazomwagwa kwenye sinia, akajibu. Mama akainua mabega, kwa maana hata njugu hakuwahi kuzisikia. Baba alikuwa mlangoni, akiwatazama. Baada ya hapo ndipo gari lilipochoka.

Kitana akalia kwa mara ya pili juu ya gari lile lile. Safari hii kulikuwa na mtu wa kumpa taulo.

Bwana Thamani aliitwa kwa sababu ndiye mwenye tochi nzuri. Alipoona mashine imefunguliwa tena na Risasi anapasha moto chuma chake cha kuchomelea, akashika kichwa.

"Mnairudisha? Imeshakuwa asili, jamani! Hakuna itakayolingana nayo!"

"Asili ya nini, Bwana Thamani?" Kitana akamgeukia. "Kiwanda hakikumjua mama yangu."

Bwana Thamani alitazama picha ya kile kiganja kwa muda, kwa jicho lile lile la kutafuta palipobonyea. Halafu akawasha tochi, akamulika mahali ambapo Risasi alihitaji, na hakuitikisa hata kidogo.

Safari hii hawakualika mtu. Redio Mbao alikuja hata hivyo, akasema amefuata sindano. Kitana alimwendea mama chumbani, akapiga magoti mbele yake. *Mara moja tu,* akamwambia kwa mikono. *Nisamehe za jana.* Mama akatikisa kichwa. Kitana akainua vidole viwili, akagonga hewa. Tap tap. Alama ya baba, ambayo tangu mazishi hakuna aliyethubutu kuigusa ndani ya nyumba ile.

Mama akainuka.

Kanda ikalia ukelele wake. Kioo kikawa cheusi. Mama akaweka kiganja mahali pake, uso umejikaza kama wa mtu anayengoja sindano ya daktari.

Tone la kwanza likagusa chini.

Mama akashtuka. Hakuuondoa mkono. La pili, la tatu, kisha mvua ikashika kasi, na Kitana aliyaona mabega ya mama yakishuka, taratibu, kama kamba iliyolegezwa fundo. Alifumba macho. Mkono wake wa kushoto ulikuwa bado pajani. Kidole kimoja kikacheza. Halafu viwili vikainuka hewani, vikiwa vizito kwa kukaa bure, vikagonga. Tap. Tap tap.

Akamvuta Kitana, akauchukua mkono wake, akauweka juu ya mashine chini ya wake. Kitana akaziba sikio kwa mkono uliobaki, akabana jingine begani. Basi hapo ndipo alipoisikia mvua ya baba: vitone vikikimbizana kiganjani, vikipungua, vikirudi kwa fujo, mpaka ungeapa kuna bati juu ya vidole vyako. Ilikuwa bora kuliko njugu.

Mama akafumbua macho. Na mikono ikaanza.

Ilianza polepole, kama mashine isiyotiwa mafuta, halafu ikawa haikamatiki. Nani ameiosha hivi mpaka ikapauka kama mgonjwa? Huyu mdomo wa bata kwa nini yuko hapa kila siku, dukani kwake anauza nani? Yule mwenye miwani, mbona anatazama watu kama magari? Chai ya nyumba hii haina sukari, alikuwa anavumilia tu. Kitana alicheka na kulia kwa pamoja, akitafsiri kwa kuchaguachagua ili asipoteze wateja.

"Mwambie doa la kiganja chake ni mimi niliyelifuta," akasema Risasi, amesimama kando na chuma kilichokwisha kupoa. "Mwambie plastiki itarudi kuwa njano yenyewe baada ya miaka, lakini lile doa siwezi kulirudisha."

Kitana akamwambia. Mama akainua mabega. Akauonyesha mkono wake, mbele na nyuma, kama anayeonyesha kwamba kifaa chenyewe bado kipo, akaurudisha juu ya mashine. Atatengeneza jingine.

Kisha akamtazama Risasi kwa makini, kuanzia viatuni kwenda juu. Akapitisha kiganja juu ya kichwa chake, mzunguko mmoja laini, na kumalizia kwa vidole vilivyochanuka kama mng'ao wa jua: upara. Risasi alikuwa amepewa jina. Baada ya hapo mikono ikasema mambo marefu, ikimwelekea Risasi, ikimwelekea Kitana, ikipima upana wa kitu, ikizungusha kitu kama mwiko chunguni, na kumalizia na swali lililomfanya Kitana aone haya.

"Amesema nini?" akauliza Redio Mbao, shingo ndefu kama bomba la maji.

"Amesema mvua inanyesha."

"Hayo yote, mvua tu?"

"Mvua kubwa," akasema Kitana, akageuka haraka kwenda kuweka chai, yenye sukari.

Risasi akamfuata mpaka mlangoni mwa jiko. Aliuinua mkono wake wenye makovu ya moto, akaupitisha juu ya upara, vibaya, kama mtoto anayejifunza kuandika.

"Hii nimeielewa, ndiyo mimi," akasema. "Ile ya mwiko sijaielewa. Nifundishe."